Mkalimani na Ndoo ya Unga

Wapendwa, kabla hatujaendelea, toeni simu zenu. Ndiyo, hata wewe Baba Lusambya, najua unayo, imekuwa ikinguruma mfukoni tangu tulipoanza kuimba. Sisemi mzizime. Ziwekeni mapajani, kioo kikitazama chini, na mziache hivyo hivyo mpaka nimalize. Haya, nisikilizeni sasa.

Palikuwa na mkalimani mmoja, mwanamke, katika mji wa huku huku Norwe, mji kama huu wetu, ambao wakati wa baridi jua halijisumbui kuchomoza. Kazi yake aliifanya kwa simu, akiwa nyumbani kwake. Nyote hapa mmewahi kumsikia mtu wa aina hiyo. Uko kwa daktari, daktari anasema Kinorwe chake, halafu sauti inatoka kwenye simu iliyo mezani, sauti isiyo na uso, inakwambia kwa Kiswahili, "Fungua mdomo, nikuone koo." Ndiye huyo.

Alikuwa hodari. Siku ya mtihani wake mwalimu alimpa neno moja tu la Kiingereza, lile "miss", akamwambia alipeleke kwenye Kinorwe. Mnajua Kiingereza kilivyo na uvivu. Ukichelewa basi likakuacha, neno ni hilo. Ukirusha jiwe likapita pembeni, ni hilo. Ukimlilia mtu aliye mbali nawe, ni hilo hilo. Kinorwe hakikubali mchezo huo, kila jambo lina neno lake. Basi mwanamke akaanza kuyataja, moja baada ya jingine, haraka haraka, mpaka mwalimu akamnyamazisha.

"Hujaniuliza," mwalimu akasema.

"Nikuulize nini, mwalimu?"

"Nani analisema, na anamwambia nani. Kabla hujalijua hilo, huna neno. Una kelele tu."

Akalishika somo. Tangu siku hiyo halikupita neno kinywani mwake kabla hajajua linatoka kwa nani na linakwenda kwa nani. Ofisi zote zikawa zinamtaka yeye.

Tena kazi ile ina sheria. Mkalimani haongezi wala hapunguzi, na hasemi, "Mgonjwa anasema anaumwa." Anasema, "Naumwa." Mwizi akisema niliiba, mkalimani naye anasema niliiba. Asubuhi ni mjamzito, mchana ni polisi, jioni ni mzee mwenye saratani. Siku nzima anasema "mimi" na mwenyewe hayumo. Siku nzima anasikia "wewe" na si yeye anayeambiwa. Mnaiona hatari hiyo? Yeye hakuiona. Nani huiona hatari ya jambo analosifiwa?

Dalili ilianzia dukani. Msichana wa kwenye mashine ya malipo alimwuliza kwa Kinorwe, "Unataka mfuko?" Naye akalirudia swali lile kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Unataka mfuko?" kisha akasimama akingoja mtu ajibu. Foleni nzima nyuma yake ikamtazama. Alipogundua akacheka, akalipa, akatoka. Lakini njiani alisikia baridi mgongoni, na haikuwa ile ya theluji.

Sasa, mwanamke huyu alikuwa na mama yake mzazi kule kwetu, mjane, anaishi na kuku wake. Mama yule hakuwa na makuu. Kila aliposikia kuna msafiri wa kuja Ulaya alimfuata hadi kwake, akamtwisha unga wa muhogo wa kumpelekea binti yake, ndani ya ndoo nyeupe iliyokuwa ya rangi ya kupaka nyumba, mfuniko ameukaza kwa kamba ya katani. Na alikuwa akipiga simu. Alipiga mchana, binti yuko kazini. Alipiga jioni, binti amejilaza kwenye kochi, anaitazama simu ikiwaka na kuzimika. Si kwamba hakumpenda mama yake. Alimpenda sana. Alikuwa amechoka kusema. "Nimeongea siku nzima," alijiambia. "Nitampigia kesho, nikiwa na kinywa changu." Kesho hiyo mnaijua, sina haja ya kuwaeleza.

Ikaja siku moja ya Desemba, mchana, na dirishani giza tupu. Simu ya kazi ikalia. Ilikuwa hospitali.

"Mkalimani," muuguzi akasema, "nina bibi mmoja hapa, mgonjwa sana, na mwanawe wa kiume. Kijana amekulia huku, Kiswahili kimembakia cha salamu tu. Anataka kuzungumza na mama yake."

Jambo hili hamjaliona majumbani mwenu? Mama na mtoto aliyemzaa mwenyewe, na katikati yao lazima aajiriwe mtu. Haya, tuendelee, nisije nikawaudhi kabla ya wakati.

Mkalimani akaisukuma pembeni simu yake mwenyewe, kioo chini, kama sheria inavyotaka. Akatoa maneno yake ya kuanzia, kwamba atatafsiri kila kitakachosemwa. Kijana akasema, "Mama, unanisikia?" Mkalimani akampelekea mgonjwa kwa Kiswahili. Kimya. Kulikuwa na mashine inavuta pumzi na kuitoa, inavuta na kuitoa.

Kisha ikaja sauti ya mwanamke mzee. Haikuja kwa mbali, kama sauti za wodini zinavyokuja. Ilikuja karibu, kana kwamba mdomo umegusa sikio lake.

"Mwanangu, mbona nikikupigia hupokei?"

Akaipeleka kwa Kinorwe, neno kwa neno. Kijana akashusha pumzi. "Nilikuwa kazini, mama," akasema. Na mkalimani, kwa Kiswahili, akasema, "Nilikuwa kazini, mama."

"Kazi gani hiyo, isiyokupa nafasi hata ya kuniambia nipo? Mimi sitaki kitu kwako. Nilitaka sauti yako tu. Unga wako nimeshautwanga, nimeutia kwenye ile ndoo ya rangi, na kamba nimefunga. Lakini simwoni wa kumpa."

Wapendwa, mmesikia alichokisikia? Nyinyi mmeshtuka, namwona hata Baba Lusambya amekaa sawa. Yeye hakushtuka. Mnajua alikuwa anawaza nini? Alikuwa anatafuta Kinorwe cha ndoo ya rangi. Aliogopa asije akasema ndoo ya kawaida, ile habari ya rangi ikapotea njiani. Akalipata neno lenyewe, akalitoa, akajisikia vizuri. Swali la mwalimu alikuwa ameshalijibu tangu mwanzo wa simu, kwamba anayesema ni mgonjwa na anayeambiwa ni kijana. Hakufikiria kuliuliza mara ya pili.

Hapo muuguzi akaingilia. "Mkalimani, ngoja kidogo. Unamtafsiri nani?"

"Namtafsiri mgonjwa."

"Mgonjwa ana mpira wa kupumulia kooni tangu asubuhi," muuguzi akasema. "Anasikia, lakini hawezi kusema. Samahani, nilisahau kukwambia. Humu chumbani hakuna aliyezungumza ila huyu kijana na wewe."

Mashine ikavuta pumzi. Ikaitoa.

"Labda laini zimeingiliana," mkalimani akasema. Majibu ya kazini hayo, yako tayari siku zote. Lakini kijana alikuwa analia. "Mwacheni aendelee," alisema. "Ni kweli. Huwa sipokei." Kikasikika kiti kinaburutwa karibu na kitanda, na kijana akaanza kumpa mama yake kile kidogo alichobakiwa nacho. "Shikamoo, mama. Shikamoo, mama." Alirudia hilo tu. Hapo mkalimani hakuhitajika tena, na simu ikakatwa.

Akakaa gizani. Akaigeuza simu yake. Mama. Mama. Mama. Jina hilo moja, kutoka juu ya kioo mpaka chini, na la mwisho lilikuwa la muda ule ule aliokuwa akizungumza na hospitali. Nywele zikamsimama, wapendwa. Mwili ulikuwa umeshaelewa, ulimi ndio ulikuwa bado. Kidole chake kikafika mpaka juu ya lile jina. Na simu ya kazi ikalia, watu wa mahakama wanamtaka. Mnadhani alipokea ipi?

Asubuhi kaka yake akapiga. Huyo hakuwa mtu wa kupiga, na dada akaogopa, akapokea.

"Dada, mama hatunaye," kaka akasema. "Ni jana mchana. Alikuwa amekaa kizingitini na simu sikioni, tukadhani anazungumza na wewe. Tukamwacha amalize." Kisha akaongeza, "Na kuna ndoo yako ya unga hapa, ameshaifunga. Tuifanyeje?"

Mwanamke akafungua kinywa ili alie. Kilichotoka ni Kinorwe. "Mama yangu amefariki," akasema, taratibu, kwa matamshi yasiyo na dosari, kisha akanyamaza akiungoja upande wa pili ujibu. Akangoja sana. Ndani ya nyumba ile hakukuwa na upande wa pili.

Najua mnataka kuniuliza sauti ile ilipitia wapi. Sijui, na nikijidai kujua nitakuwa mwongo madhabahuni. Mimi ninachokitazama ni kile kiti kilichoburutwa. Yule kijana hakuwa ameambiwa yeye. Ujumbe ulikuwa wa mtu mwingine, lakini ulipompitia masikioni aliushika kama wake, akasogea. Na mkalimani, aliyetumiwa ujumbe huo, aliubeba kwa kinywa chake mwenyewe, akaufikisha salama kwa mtu mwingine, bila kupunguza hata neno moja. Inaniuma kila ninapoifikiria.

Na sisi je? Sisi ni wakalimani hodari, tena wa bure. Neno la Mungu linatufikia hapa kila Jumapili, na papo hapo tunalipeleka kwa jirani. Tunawaza, "Hili lingemfaa shemeji." "Laiti mume wangu angekuja leo." Hata sasa hivi, nilipotaja habari ya kutopokea simu, kuna mtu humu amemgusa mwenzake kwa kiwiko. Nimekuona, mama, sitakutaja. Tunaimba "nihurumie mimi" kwa sauti nne, inapendeza, na kwenye hiyo "mimi" hatumo. Na mhubiri msimsahau, yeye ndiye aliyesimama mbele kabisa, kinywa kimejaa maneno ya Mwingine. Mungu anasema "wewe", nasi tunageuka nyuma kuangalia anamwita nani.

Neno hili linatoka kwa nani, hilo tunalijua. Linakwenda kwa nani? Uliza. Ukishajibu, uliza tena, maana hapo ulipodhani umeshamaliza kuuliza ndipo linapokupita.

Sasa zigeuzeni simu zenu. Msinionyeshe mimi, na usichungulie ya jirani. Tazama yako. Nani alikuwa anakuita wakati nasema?

Nenda kampigie. Theluji ya hapo nje haijaua mtu kwa dakika chache. Usingoje baraka ya mwisho, wala usijiambie kesho. Baba Lusambya, naona umeshasimama. Pita, baba, mlango uko wazi. Wimbo tutauanza ukirudi.