Teke Halipimi Upepo

Teke halipimi upepo. Mmemsikia fundi akimwambia hivyo mwenye lile gari jeupe, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yalitoka hapa hapa Rungwe, na siku yalipotamkwa mara ya kwanza nilikuwa nimepiga magoti pembeni, geji ya kupimia upepo mkononi.

Palikuwa na mtu akiitwa Mwakalobo, mwenye pikapu ya kubebea ndizi. Alikuwa dereva mzuri, na hilo alilijua kuliko sisi sote. Kila asubuhi aliizunguka pikapu yake akilipiga kila tairi teke moja. Tairi likilia du, lina upepo wa kutosha. Likilia kivivu, halina. Madereva wengi wa huku walipima hivyo, ila kwa Mwakalobo teke likishapigwa, kesi imekwisha.

Binti yake, Tusekile, alipata nafasi ya kusomea uuguzi Mbeya. Barua ilisema mwisho wa kuripoti ni Ijumaa saa nne asubuhi. Asiyefika, nafasi yake anapewa anayefuata kwenye orodha. Tusekile alitaka kwenda mapema kwa basi. Baba yake akakataa, akasema mwanawe hatapanda basi wakati yeye ana gari, nao wangeondoka Ijumaa hiyo hiyo ili ndizi za kumpelekea shangazi yake huko Mbeya ziwe zimekomaa.

Asubuhi hiyo walisimama kwenye kibanda changu cha pancha kuniaga, nyuma wamepakia mikungu hadi juu. Niliona tairi la nyuma kushoto limebonyea. Nikamwomba Mwakalobo anipe dakika mbili nilipime kabla halijapata moto wa barabara. Akalipiga teke, likalia du, akaniambia ameendesha miaka ishirini na sita na mguu wake haujawahi kumdanganya. Nikacheka, nikawapungia mkono. Nilipaswa kung'ang'ania, na mpaka leo inaniuma.

Tairi lenye upepo mdogo, likibebeshwa mzigo, hujikunja kila linapozunguka, na kule kujikunja hulipasha moto. Lile lilipasuka kwenye mteremko, katikati ya safari. Mwakalobo aliimudu pikapu na hakuna aliyeumia. Akafunga spea, ambayo nayo aliipiga teke kila Jumamosi. Aliposhusha jeki, spea ikabonyea mpaka rimu ikakaribia lami.

Dereva wa lori ndiye aliyeniletea habari, nikaenda na pampu kwa pikipiki. Nilipofika, saa nne ilikuwa imekwisha kupita. Niliijaza spea, kisha nikapima matairi mengine. La nyuma kulia lilisoma kumi na nane, nalo lilitakiwa lisome thelathini na tano. Tusekile aliinama akasoma mwenyewe.

"Lakini nililipiga teke asubuhi," Mwakalobo akasema. "Si uliniona, mwanangu?"

"Nilikuona, baba," akajibu taratibu. "Teke halipimi upepo."

Chuoni walikuta nafasi imeshapewa mwingine. Tusekile alirudi nyumbani akakaa mwaka mzima akichuma chai ya watu. Mwakalobo alinunua geji, akawa anapima kila asubuhi kabla gari halijatoka, na asiyejua kisa akimtania, yeye aliendelea kupima.

Mwaka uliofuata binti alipata nafasi tena, akaenda kwa basi, siku mbili kabla. Alipohitimu akapangiwa zahanati ya hapa hapa kwetu. Siku moja baba yake alipita kumsalimia, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikisubiri dawa. Tusekile akamtaka aketi apimwe presha. Mwakalobo akajipigapiga kifua kwa ngumi, akasema yuko imara, tangu mwaka uanze hajaumwa hata kichwa, na pikapu inanguruma nje ikimngoja.

Binti hakubishana naye. Alimfunga mkanda wa kipimo mkononi, akaujaza upepo, akatazama mshale. Akarudia kupima. Kisha akaniambia mimi, si baba yake, niende nikamzimie gari, kwa sababu mzee hatoki siku hiyo.

Mwakalobo alibaki ameitazama ngumi yake. Tusekile alifungua mdomo, lakini baba yake akamwahi.

"Najua, mama," akasema. "Teke halipimi upepo."