Wimbo wa Nungunungu Matangani

Hadithi iko mlangoni! Semeni: na iingie!

Fisi alimmeza mtoto wa Nungunungu mzima mzima, miiba yake ikiwa bado laini kama manyoya. Kisha akaenda matangani kula wali wa msiba. Nani angemshuku jirani anayelia kuwashinda wafiwa?

Mama mtu hakulia. Alikaa mkekani akiimba wimbo aliokuwa akimbembelezea mwanawe:

“Miiba ya mwanangu, oteni, oteni.”

Kitu kikamchoma Fisi tumboni. Akajigeuza.

Mama akaimba tena. Fisi akainuka, akakaa, akainuka. “Wali huu una mawe!”

“Kula, jirani,” mama akamwambia. “Shughuli ni yako.”

Akaimba mara ya tatu. Miiba ikampasua Fisi kutoka ndani, akaangukia sinia, amekufa.

Mtoto akatoka, mzima, miiba imesimama wima. Hapo ndipo mama alipolia, akamkunjulia mikono.

Mtoto hakumkimbilia. Aliwatazama waombolezaji mmoja mmoja, akajilamba midomo, akacheka kicheko kilekile cha Fisi.

“Mama,” akasema, “nina njaa.”

Hadithi imetoka. Fungeni mlango, wanangu. Fungeni vizuri.