Mfupa wa Hoteli ya Fisi

Mwaka ule mvua ilikataa kabisa, hata magugu yakakauka. Penye kijani palibaki mahali pamoja tu, kwenye chemchemi ya mlimani, na hapo Fisi alikuwa amefungua hoteli ya mapumziko. Bei zake sasa, jamani! Bakuli moja la mchuzi wa nyama, gunia zima la njugu.

Sungura alikuwa na gunia moja, tena la mwisho. Lakini alikuwa amechumbia, na kwa desturi ya akina Sungura hupewi mke mpaka umlishe mkweo ashibe. Shambani hakuna kitu. Basi akajitwika gunia lake, akampeleka Bi Sikudhani, mama wa mchumba, hotelini kwa Fisi.

Wakatandikiwa kitambaa cheupe, wakawekewa maua na vijiko vinavyong'aa. Kisha bakuli likaja: maji ya moto yenye chumvi, na katikati mfupa mmoja mkavu.

Bi Sikudhani alijitahidi. Aliuguguna weee, mpaka meno yake mawili ya mbele yakaacha alama, nyama asiione. Akaufuta mdomo.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hata msibani nimekula vizuri kuliko hapa. Binti yangu acha abaki nyumbani kwanza."

Sungura akapiga hesabu. Gunia limekwenda, na mke naye anakwenda. Akamwita Fisi.

"Bwana Fisi, nyama iko wapi?"

"Hiki ni chakula cha kistaarabu, ndugu yangu," alijibu Fisi, midomo ikimng'aa mafuta. "Watu hawaji hapa kushiba, wanakuja kuonja. Na huo mfupa nipe, ni mali ya hoteli."

Sungura akamfuata kwa macho hadi jikoni. Mfupa ukarudi chunguni, na mwingine haukuwamo. Nyama yote Fisi alikwisha kuimaliza mwenyewe tangu asubuhi.

Meza ya pili alikaa Simba, mwenye makuu yake, ambaye tangu azaliwe hajagusa makombo ya mtu. Sungura akamwinamia.

"Shikamoo, mzee. Sisi wanyonge tumekula. Wewe bila shaka utaletewa ambacho hakijaguswa na kinywa."

"Marahaba. Sili kingine," alisema Simba, na bakuli lilipofika akamuuliza Fisi, "Hiki hakijaguswa?"

"Naapa, mzee. Wewe ndiye wa kwanza."

Simba akaunyanyua mfupa, akaugeuza. "Na meno haya mawili ni ya nani?"

Bi Sikudhani akatabasamu, meno yote mawili nje. "Ni yangu, baba."

Fisi hakungoja mchuzi upoe. Alitoka mbio na aproni yake, Simba nyuma yake, ghala likabaki wazi, limejaa magunia ya watu. Kila mmoja akachukua lake. Sungura akakaanga njugu kwenye jiko lile lile, na Bi Sikudhani akala mpaka akalegeza kanga.

"Haya, mwanangu," alisema, "harusi lini?"

Fisi naye mpaka leo anaokota mifupa iliyokwisha kugugunwa na wengine, wala hakuna anayemtandikia kitambaa cheupe.