Kikohozi cha Aminieli

Hii nimeipata kwa mtu aliyeipata kwa mwingine. Isome taratibu. Ikikugusa, usiisambaze ovyo. Mpelekee mtu mmoja tu, yule unayeishi naye kila siku bila kumuuliza hali yake.

Palikuwa na mwongoza wageni mmoja wa Mlima Kilimanjaro, mwenyeji wa Kibosho, jina lake Ndekirwa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, asiye na maneno mengi. Kwa miaka tisa hakuna mgeni wake hata mmoja aliyeishia njiani. Wenzake walimpachika jina la Fika. Wakimwona anatokea getini na wageni wake walimpigia kelele, "Fika, mmefika?" Naye hujibu, "Tumefika," huku akijifanya anafunga kamba za viatu ili wasimwone anavyofurahi.

Mwezi wa tisa wa mwaka mmoja alipewa mgeni asiye wa kawaida. Hakuwa Mzungu. Alikuwa mama wa miaka sitini na mmoja kutoka Tukuyu, mwalimu mkuu aliyekuwa amestaafu karibuni, Mwalimu Tusajigwe. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamempa safari hiyo kama zawadi ya kumuaga. Njia aliichagua mwenyewe: Umbwe, iliyo fupi na kali kuliko zote.

"Mwalimu, njia hii haina huruma," Ndekirwa alimwambia siku ya kwanza. "Zipo nyingine za taratibu."

"Baba, mimi nimezaliwa milimani," alijibu yule mama akikaza mkanda wa begi lake. "Usinionee huruma. Nimekuja kufika."

Basi. Ndekirwa aliyachukua maneno hayo kama sheria, na hakuyauliza tena.

Wapagazi walikuwa watano, na mpishi wa sita. Mmoja wa wale watano aliitwa Aminieli. Huyu alikuwa mdogo wake Haika, mke wa Ndekirwa, na Ndekirwa ndiye aliyemwingiza kwenye kazi ile miaka miwili nyuma. Alikuwa kijana mcheshi, wa miaka ishirini na sita, mwenye tabia ya kuzungumza na mzigo wake. Aliuita bi harusi. "Haya bi harusi, tulia kichwani, kwenu bado mbali," utamsikia akisema kwenye mwinuko, na wenzake wote wanacheka na kupata nguvu.

Siku ya kwanza walipanda msituni. Umbwe haizunguki wala haibembelezi. Inakwenda juu moja kwa moja. Mahali pengi walishika mizizi ya miti kama vipandio vya ngazi. Jioni, walipofika kambi ya kwanza, Aminieli alikuwa anakohoa.

"Nini hicho?" Ndekirwa aliuliza.

"Vumbi la njiani, shemeji."

Lakini walikuwa wamepita msituni kwenye ukungu na matope siku nzima. Vumbi halikuwapo. Ndekirwa alilijua hilo, akaenda kuangalia maji ya chai.

Siku ya pili waliupanda ule mgongo mwembamba wa mlima, kulia bonde, kushoto bonde. Miti ikabaki nyuma, baridi ikaanza kuuma. Aminieli alifika kambini wa mwisho, na siku hiyo hakuna aliyemsikia akizungumza na bi harusi.

Ndekirwa alikuwa na kile kidude kidogo cha kubana kwenye kidole, kinachopima hewa iliyomo kwenye damu. Kila jioni alimpima mgeni wake. Jioni hiyo namba za Mwalimu Tusajigwe hazikuwa mbaya.

"Kichwa, Mwalimu?"

"Hakiumi."

"Chakula kinakaa?"

"Kinakaa vizuri."

Akashukuru, akatoka nje ya hema. Nyuma ya hema la jikoni alimsikia Aminieli. Kilikuwa kikohozi kingine sasa, cha majimaji, kinachotoka mbali. Ndekirwa alisimama, kidude bado kiko mkononi.

Alijua afanye nini. Hatua kumi tu, ambane shemeji yake kidole, asome. Lakini alijua pia kitakachofuata. Namba zikiwa mbaya, Aminieli atashushwa jioni hiyohiyo, na mtu mwingine lazima amshushe. Wapagazi watatu hawawezi kubeba mizigo ile kwenda kambi ya juu. Safari itakuwa imekwisha. Na mgeni amesema amekuja kufika. Atamwangaliaje usoni mama wa watu, aliyetoka Tukuyu, amwambie geuka?

Hivyo ndivyo alivyojiambia. Jina lake la Fika hakulitaja hata moyoni, lakini lilikuwapo.

Akakirudisha kidude mkobani, akafunga zipu.

Siku ya tatu walipanda kwenye mawe matupu hadi kambi ya mwisho, chini ya ukuta wa mwamba. Juu ya hapo hakuna jani. Aminieli alifika saa nzima na nusu baada ya wenzake. Aliuteremsha mzigo, akakaa papo hapo alipousimamisha. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Mpishi alimpa chai, akashika kikombe mpaka chai ikapoa.

Ndekirwa alimchuchumalia.

"Unaweza, si ndiyo?"

"Naweza, shemeji."

Kuna namna ya kuuliza ambayo jibu limeshatangulia ndani yake. Ndekirwa aliuliza hivyo, na jibu alilolitaka ndilo alilopewa.

Alfajiri mpishi alimtikisa. "Kaka, amka. Aminieli hapumui vizuri."

Alimkuta ameketi wima, ameegemea begi, kwa sababu akilala hewa inakatika. Kifua kilikuwa kinatokota kama sufuria ya uji. Kwenye pembe ya mdomo palikuwa na povu, na povu lilikuwa na wekundu.

Ndekirwa alitoka mbio. Alikwenda kwenye hema la mgeni. Mwalimu Tusajigwe alikuwa ameshavaa, amekaa mlangoni.

"Mwalimu, nisamehe sana. Safari yako..."

"Nani anakohoa hivyo?" alimkatiza. Hakusubiri jibu. Alikwenda mwenyewe, akamwona. Akageuka na ile sauti iliyonyoosha mabweni miaka thelathini.

"Una mtungi wa hewa?"

"Upo."

"Sasa unangoja nini? Mfungulie!"

Ndekirwa alipiga simu ya upepo. Waliojibu walisema helikopta haiwezi kuruka kwenye ukungu ule. Watu wa uokoaji wanapanda na machela, nanyi anzeni kumshusha, msisimame. Wakaacha mahema, wakaacha vyombo, wakaacha kila kitu. Wanaume walipokezana kumbeba mgongoni kwenye mteremko wa mawe yanayokimbia chini ya miguu. Mwalimu Tusajigwe alishuka ubavuni mwao, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine umeshika mtungi ili mpira usichomoke puani. Alianguka mara mbili. Mara zote mbili aliinuka kabla hawajamfikia.

Ilipofika zamu ya Ndekirwa, ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kutoona hatua ya tano mbele. Alihisi pumzi ya shemeji yake shingoni, fupifupi, ya moto.

"Shemeji," Aminieli alisema.

"Usiseme. Tunza pumzi."

"Mgeni amefika?"

Ndekirwa alimpandisha vizuri mgongoni. "Tunashuka wote. Nyamaza, baba."

"Nimekuharibia."

"Hujaharibu kitu. Aminieli? Hujaharibu kitu."

Akaendelea kushuka. Baada ya muda aligundua kuwa shingo yake imepoa. Hakusimama. Alijiambia ni upepo. Alishuka jiwe baada ya jiwe, akamsemesha, akamwambia machela inakuja, akamwambia kambi ile pale, mpaka mpishi alipomwekea mkono begani na kusema polepole, "Kaka. Mshushe."

Wakamlaza kwenye jiwe bapa, wakamfunika kwa koti. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Machela ilikuwa bado iko chini, mwendo wa saa moja.

Ndekirwa alipiga magoti mbele ya Mwalimu Tusajigwe. Alilia waziwazi, mbele ya watu anaowaongoza.

"Nisamehe, Mwalimu. Nilijua. Tangu juzi nilimsikia, nikajua mapafu yanajaa maji. Sikumpima. Nilifikiri nikimrudisha nitakukatisha safari yako. Ulisema umekuja kufika."

Yule mama alimwinamia.

"Juzi?" alisema. "Ile jioni ulipokuja kunipima?"

"Ile ile."

Mwalimu Tusajigwe alikaa chini kwenye mawe, kama mtu aliyesukumwa.

"Juzi jioni nilikuwa nimetapika mara tatu nyuma ya hema. Kichwa kilikuwa kinanipasuka. Nilikudanganya, Ndekirwa. Tangu juzi nilitaka kurudi. Nililala nikimwomba Mungu wewe upate sababu ya kutugeuza, ili nikifika nyumbani niwaambie wanafunzi wangu kwamba nilirudishwa."

"Mbona hukusema?"

"Niliambiwa pale getini kwamba hujawahi kurudi na mgeni njiani. Niliona haya kuwa wa kwanza." Akaifunika sura yake kwa viganja. "Ungeniuliza tu. Ungesema, Mwalimu, kijana anaumwa, tushuke? Ningekubusu mikono."

Hapo mpishi, aliyekuwa amesimama pembeni, akasema bila kumwangalia mtu, "Naye alitaka kushuka. Jana aliniambia ataomba ruhusa. Halafu akasema basi, shemeji atapata aibu kwa mgeni."

Mgonjwa alitaka kushuka, mgeni alitaka kushuka, na kiongozi alipanda akidhani mgeni anataka kupanda. Kila mmoja alipanda kwa ajili ya mwenzake.

Jioni ile, baada ya kuuacha mwili kwa watu wa uokoaji, Ndekirwa alifika Kibosho kabla habari hazijafika. Haika alikuwa anatoka migombani na mzigo wa majani ya ng'ombe. Alipomwona mumewe amerudi kabla ya siku yake, peke yake, na nguo zile za mlimani, aliutua mzigo chini.

"Ni Aminieli," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ni Aminieli."

Haika alishika mti wa kahawa uliokuwa karibu. Akauliza swali moja.

"Mgeni alikataa kurudi?"

Huo ndio ulikuwa mtihani wa Ndekirwa, mgumu kuliko ukuta wa mwamba. Jibu rahisi lilikuwa mdomoni. Neno moja tu, ndiyo, na mzigo wote ungemwendea mama wa Tukuyu ambaye Haika hatamwona maishani. Kijiji kizima kingeamini. Wapo wageni wengi wa namna hiyo, nani angebisha?

"Hapana," Ndekirwa alisema. "Mgeni alikuwa tayari kurudi tangu juzi. Mimi sikumuuliza. Nilimsikia mdogo wako anakohoa, nikajua ni nini, nikanyamaza. Nilitaka kufika."

Haika alimwangalia kama mtu anayesoma barua ya mwandiko asioujua. Ng'ombe alilia zizini. Hatimaye akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Nenda kwa mama," alisema. "Mwambie mwenyewe. Kwa maneno hayohayo, usipunguze hata moja."

"Haika, twende wote."

"Utakwenda peke yako. Mimi nitakuja nyuma."

Ndekirwa akapita katikati ya migomba mpaka nyumbani kwa mkwewe. Bibi alikuwa jikoni anapuliza moto. Alipomwona mlangoni uso wake ulichangamka, akavuta kigoda, akakifuta kwa upande wa gauni lake.

"Karibu, baba. Kaa. Aminieli yuko nyuma?"

Funzo: Usimjibie mtu swali ambalo hujamuuliza. Na wewe unayeumia, sema mapema. Huenda yule unayemwonea haya naye anasubiri mtu wa kwanza kusema.