Kengele Kubwa ya Nakunda

"Kengele isiyolia ndiyo isikikayo." Ndivyo mwenyekiti wenu wa vijana alivyowaambia jana kikaoni, nanyi mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi, kana kwamba mimi ndimi niliyeitunga. Sikuitunga. Ila najua ilikozaliwa, na msidhani ilizaliwa na wazee waliokaa wakikuna ndevu. Ilizaliwa na hasira, tena ndani ya kanisa, mchana kweupe. Endeleeni kumenya hiyo tangawizi, masikio hayashiki kisu. Chanzo chake ni hiki.

Hapa hapa milimani kwetu, kanisa lilipokuwa bado la mabati ya zamani, palikuwa na kwaya ya kengele za mkono. Kengele zenyewe zilikuwa za shaba, nyingine ndogo kama kikombe, nyingine kubwa kama chungu, na kila moja ilikuwa na sauti moja tu. Huyu ana do, yule ana re. Zamu yako ikifika unapiga, kisha unaigusisha kengele begani ili inyamaze na kumpisha mwenzako. Walivaa glovu nyeupe, maana jasho huila shaba. Walikuwa wakulima wenye viganja vilivyopasuka kwa jembe, lakini wakishavaa zile glovu ungedhani ni mabwana harusi watupu.

Raha yake, walisema, ilikuwa ni kuona wimbo ukipita mikononi mwao kama matofali yanavyopita siku ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, kijiji kizima kikiwa kimejipanga mstari. Hakuna aliyeweza kusema wimbo ni wake. Na taabu yake ilikuwa hiyo hiyo. Mmoja akizubaa, tofali liko chini.

Mwanamke mmoja, Nakunda, alikuwa miongoni mwao, tena si wa mwisho. Tangu kengele zilipoletwa, yeye ndiye aliyeshika mbili ndogo zinazobeba wimbo wenyewe. Alijifunza kwa vijiko jikoni hadi mboga zikaungua. Aliishi na mama yake mzazi, Bi. Nanzia, mwanamke aliyekuwa na macho ya kipanga lakini masikio karibu yamekwisha. Kuzungumza naye kulikuwa ni kupiga kelele mpaka mbuzi wa jirani waitike. Kila Jumapili Bi. Nanzia alikaa benchi la mbele, na kila Jumapili wakirudi nyumbani Nakunda alimuuliza, "Mama, umetusikia leo?" Mama akatabasamu: "Vizuri sana, mwanangu." Nakunda akatembea juu juu wiki nzima.

Sasa mwalimu wa kwaya, Elinihaki, alikuwa mtu mwenye sikio zuri na ulimi mfupi. Ukikosea utamwona tu anafumba macho. Siku moja ya mazoezi, zikiwa zimebaki wiki chache sikukuu ya mavuno ifike, alizitwaa zile kengele mbili ndogo mezani pa Nakunda, mbele ya wote, akamkabidhi Eliwaza, binti mgeni kuliko wote kwayani. Eliwaza alikuwa mkwe wa mwalimu mwenyewe, ameolewa na mwanawe mwaka ule ule. Kisha mwalimu akamwonyesha Nakunda ile kengele kubwa kuliko zote, akasema, "Wewe utapiga hii." Akageuka, akaendelea na mazoezi.

Ile kubwa ilikuwa inalia mara moja tu, mwisho wa ubeti. Wenzako wanapeperusha glovu, wewe umesimama kama kigingi cha ng'ombe, unangoja.

Nakunda alifika nyumbani amefura. Alipiga ndoo teke, akalijaza sufuria makande yasiyokuwa na chumvi, akakataa kuyala. Watani wetu husema Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kuendesha kesi ya kuku. Wangemwona Nakunda siku ile wangesema wamepata ushahidi. Alinyang'anywa haki yake, alisema, akapewa mkwe. Na kweli, mimi nikisimulia hapa damu bado inanichemka kwa niaba yake, maana mtu mzima havuliwi nguo hadharani bila hata kuambiwa sababu.

Lakini hakwenda kumuuliza mwalimu. Angeweza, nyumba zao zilitazamana. Badala yake aliifuga ile hasira, akailisha kila jioni.

Jumapili iliyofuata aliipiga ile kubwa kama alivyoagizwa, mdomo umefungwa. Wakati wa kurudi, mama yake alikuwa mchangamfu kupita kawaida. "Leo kengele zenu zilikuwa tamu!" akasema, akijigonga kifuani. "Leo mmenipiga hapa!" Nakunda akaona hata mama anamcheka. Hakumuuliza tena swali lake la kila Jumapili.

Ndipo alipofanya uamuzi. Siku ya sikukuu ya mavuno, wageni wakiwa wamejaa, atasimama mahali pake na glovu zake, ataishika kengele yake, na hataipiga. Hakuna atakayejua ni nani, alijiambia, maana nani huisikia kengele inayolia mara moja? Ila mwalimu atajua. Atatahayari, na atamrudishia kengele zake mwenyewe.

Siku ikafika. Madhabahuni palikuwa na mikungu ya ndizi, magunia ya tangawizi, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu akilalamika. Kwaya ikasimama. Wimbo ulikuwa wa beti tatu, na ubeti wa kwanza ulikwenda kama maji ya mfereji. Ukafika mwisho, mahali pa kengele kubwa.

Kimya.

Mmewahi kung'oka jino? Ulimi hauendi kwenye meno yaliyobaki, unakwenda kwenye pengo. Kanisa zima lilikwenda kwenye pengo. Kallaghe, aliyesimama ubavuni mwa Nakunda, akanong'ona, "Piga, wewe!" Nakunda akatazama mabati. Mwalimu Elinihaki hakufumba macho safari hii, aliyatoa. Na Nakunda, sitawaficha, aliona utamu mpaka vidoleni.

Ubeti wa pili nao ukafika mwisho. Kimya tena. Na katika kimya hicho ikapaa sauti kutoka benchi la mbele, sauti ya mtu asiyejua anasema kwa nguvu kiasi gani.

"Nakunda! Kengele yako ina nini?"

Wageni wakageuka. Mzee mmoja akamwekea Bi. Nanzia kidole mdomoni, lakini utamnong'onezaje kiziwi? "Niacheni!" akasema. "Mbona hailii? Nakunda! Unaumwa?"

Ubeti wa tatu ulipoanza, ule utamu ulikuwa umegeuka shubiri. Nakunda alitaka kupiga. Macho yakajaa machozi, akapotea hesabu, na alipoinua kengele mahali pake palikuwa pamekwisha kupita. Wimbo wa mavuno ukaisha umesimama mguu mmoja.

Baada ya ibada mwalimu alimkuta kwenye chumba cha kutunzia kengele.

"Umeniaibisha mbele ya wageni!" alifoka. Siku hiyo ulimi wake ulirefuka.

"Na wewe uliniaibisha mbele ya kwaya yangu!" Nakunda akamrudishia. "Kengele zangu umempa mkweo!"

"Mkwe wangu? Kengele ndogo hata mwanafunzi hupiga! Ile kubwa kila niliyempa aliiwahisha au aliisahau. Wewe peke yako ndiye unayejua kungoja!"

"Ulisema hayo lini?"

Mwalimu akageuka, akaanza kuzipanga kengele.

Mlangoni palikuwa na Bi. Nanzia na fimbo yake. Hakusikia hata neno moja, lakini nyuso alizisoma. Nakunda akapaza sauti, "Mama, nenda nyumbani, haya ni ya kwaya!"

"Usinifokee," mama akasema. "Miaka yote nakaa pale mbele natazama glovu zenu zinapanda na kushuka. Sisikii kitu! Zile ndogo zako sijapata kuzisikia hata siku moja. Nilikuitikia tu, kwa kuwa ni mwanangu na ulikuwa unafurahi. Ulipopewa ile kubwa, benchi likanguruma, ikaniingia hapa." Akajigonga kifuani, pale pale. "Nikasema, Mungu amenisikilizisha mwanangu kabla sijafa. Leo nimevaa kitenge kipya. Nimekaa nangoja. Zote zilizolia sikuzisikia, Nakunda. Ile isiyolia ndiyo niliyoisikia."

Nakunda akamwinamia sikioni, analia. "Mama, hasira yangu ilikuwa kwa mwalimu!"

"Mwalimu anao wimbo wote kichwani. Mimi nilikuwa na ile moja tu, ukaninyima." Kisha akauliza kwa ukali, "Alikukosea nini huyu?"

"Hakuniambia sababu!"

Bi. Nanzia akamgeukia Elinihaki, fimbo mbele. "Na wewe usidhani umepona. Maneno yote uliyomfundisha mwanangu ameyasahau. Lile ambalo hukulisema ndilo alilolala nalo na kuamka nalo."

Nakunda akavaa upesi glovu zake, akaichukua ile kengele kubwa, akainyanyua ampigie mama yake pale pale. Mama akamshika mkono.

"Sasa hivi siitaki. Iweke. Utaipiga Jumapili, mahali pake, nami nitakuwa mahali pangu."

Kesi hiyo haikuisha kwa kukumbatiana, msinifanyie hadithi ya watoto. Mama na binti walinuniana hadi Jumamosi. Mwalimu alikwenda kuomba radhi nyumbani kwa Nakunda, na Nakunda alimwambia yote yaliyokuwa rohoni, uso kwa uso, hadi chai ikapoa. Jumapili kengele kubwa ililia, na kikongwe wa benchi la mbele akaweka kiganja kifuani. Nakunda hakuzidai tena zile ndogo.

Basi jana mwenyekiti wenu alipoisema, hakuwa anazungumzia shaba. Alikuwa anakitazama kiti kitupu cha mwenzenu Senzota, ambaye mlimvua uongozi bila kumweleza neno, naye akaapa hatatia mguu kikaoni. Mmoja wenu aende kwake leo akamweleze sababu, kabla tangawizi haijakauka. Na akifika huko amwambie na yeye, kwa sauti ya kumfikia kiziwi: kengele isiyolia ndiyo isikikayo.