Mtihani wa Kubaki Nyumbani

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, mgane, mwenye mabinti wawili: mmoja wa miaka kumi na miwili, mwingine wa miaka minane. Tangu mama yao atangulie, shule yao ilipofungwa mchana walitembea hadi shuleni kwa baba, wakaketi kimya kwenye benchi la ofisi ya walimu mpaka saa kumi na moja. Walimu wakamtania yule mkubwa kwamba sasa ndiye makamu mkuu wa shule.

Binti hakuupenda utani huo. Akaomba wapewe ufunguo, wawe wanakwenda nyumbani. Na baba, kwa kuwa ni mwalimu, alifanya nini? Alitunga mtihani. Maswali ishirini. Mtu akibisha na kusema ametumwa na baba, mtafanya nini? Gesi ikinuka? Mdogo wako akijikata? Binti akapata kumi na saba. Baba akasema kufaulu ni kumi na nane. Muhula uliofuata akapata kumi na tisa. Baba akasema usalama hauna kumi na tisa. Mara ya tatu alipata zote, na chini ya karatasi akaandika: “Baba, zimebaki hesabu gani?”

Mnacheka. Na ni wangapi kati yetu wamempigia mtoto simu mara tatu kabla ya ibada hii kuanza?

Basi ufunguo ukatoka. Siku ya kwanza mwalimu alivumilia hadi saa nane, kisha akaomba ruhusa, akapita njia ya nyuma, akajibanza kwa jirani, penye upenyo kwenye ua wa mabua. Jirani, mama mtu mzima aliyekuwa akichambua mchele, alimwuliza kama amekuja kuiba kuku. Akanong'ona kwamba analinda wanawe. Mama akamsogezea ungo, naye achambue, mikono isikae bure.

Aliwaona wakifika. Mkubwa akafungua mlango, wakaingia, komeo likalia. Kisha akasikia jambo ambalo hakuwa amelisikia nyumbani mwake kwa mwaka mzima: watoto wake wakicheka, wakicheka hadi pumzi ikawakatika. Hapo angeweza kurudi kazini kwa amani. Je, alirudi? Hakurudi. Jicho lilibaki kwenye upenyo.

Baada ya muda mlango ukafunguliwa, ukafungwa tena kwa ufunguo, na mabinti wakaja wameshikana mikono, mkubwa amebeba bakuli lililofunikwa. Akamwamkia jirani kwanza, kisha akageuka.

“Shikamoo, baba. Viatu vyako vinaonekana chini ya ua. Tumekuletea wali wa moto, najua hujala.”

“Marahaba,” alijibu mwalimu, punje za mchele zikimdondoka mikononi.

Binti akamtazama. Hakuwa akimkejeli, alitaka kujua.

“Baba, asubuhi uliomba Mungu abaki na sisi. Ulidhani hatakuja?”

Jirani alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Mwalimu akapokea bakuli. Alikula ule wali wote, akawashukuru, akarudi kazini kwa njia kubwa, huku naye akicheka peke yake barabarani.

Ndugu zangu, pale kwenye ua ni sisi. Asubuhi tunapiga magoti na kumkabidhi Mungu wale tuwapendao. Mchana tunapita nyuma kuchungulia kama ameanza kazi. Tunasema ni upendo. Sehemu yake ni upendo, sikatai. Sehemu nyingine ni woga wa mtu aliyekwisha kupokonywa mara moja. Mungu haukemei woga huo. Huuletea chakula kingali cha moto. Lakini hauachi ukae pale uani hadi jioni.

Basi tuwafundishe watoto wetu, tuwapime, tusiwape ufunguo kabla ya wakati wake. Ila mtoto akifaulu, amefaulu. Tusimwongezee maswali kwa sababu sisi ndio hatujawa tayari kubaki peke yetu.