Mkwe Aliyesimama Mvuani

Wapendwa, nifuateni kidogo hadi pwani, kwa habari ya mtu mmoja aliyekuwa ameoa karibuni. Kwao, mkwe hali chakula mbele ya baba wa mkewe, wala hakai naye chini ya paa moja. Siku moja baba mkwe wake, mzee mchangamfu aliyependa kuvua samaki, akamwalika wakapige kambi ufukweni. Mkwe akafurahi na kuogopa kwa pamoja, kwa maana alitamani sana mzee arudi nyumbani akisema, “Binti yangu amepata mume mwenye adabu.”

Basi akapiga mahema mawili: la mzee juu, penye ardhi ngumu; lake mbali, kwenye mchanga mwepesi. Asubuhi jua lilikuwa zuri. Wakasimama miambani, kila mtu na mshipi wake, na mzee akawa anaopoa changu mmoja baada ya mwingine.

“Mkwe, hao samaki wa upande wako nao wana adabu? Mbona hawathubutu kuuma?”

Mkwe akacheka moyoni tu. Samaki walipoiva, akachukua sehemu yake akaenda kula nyuma ya mwamba.

Adhuhuri manyunyu yakapita, jua likarudi, kisha upepo ukageuka ghafla. Ukaling'oa hema la mkwe, ukalizungusha hewani, ukalibwaga baharini. Mvua kubwa ikafuata. Mzee, akiwa ndani ya hema lake, akaita:

“Ingia, mwanangu.”

“Hapa panatosha, baba.”

“Hapo wapi? Si uko mvuani?”

“Ni manyunyu tu, baba.”

“Manyunyu, na meno yako nayasikia yakigongana mpaka huku?”

Mkwe akainamisha kichwa, asisogee. Moyoni alijipongeza: leo mzee ameona heshima yangu. Niwaulize, ndugu: ninyi mngeingia? Au mngebaki pale pale, mkijisifu kwa kulowa?

Kisha mlango wa hema ukafunuka, mzee akatoka bila koti wala kofia, akaja kusimama bega kwa bega na mkwewe. Maji yakamtiririka ndevuni.

“Baba, utaugua. Rudi ndani, nakusihi.”

“Nirudi kufanya nini? Sikuja pwani kukaa na hema, mwanangu. Nimekuja kukaa na wewe.”

Ndipo mkwe alipotambua kwamba heshima yake inamlowesha yule yule anayemheshimu. Akamshika mzee mkono, wakakimbilia hemani, wakaangukiana mlangoni, wakacheka hata hema likatikisika.

Ndugu zangu, sisi ndio tuliosimama nje. Twasema, “Mimi ni nani hata nimkaribie Mungu?” nasi tukauita huo unyenyekevu. Twamwomba kwa sauti ya mgeni, kutoka mbali, tukingoja siku tutakapokuwa wakavu. Lakini Yeye hakuishia kutuita kutoka ndani. Alitoka. Akalowa kwa mvua yetu, akatetemeka kwa baridi yetu, akatushika bega. Ni heshima gani hii, inayomwacha Baba mvuani?

Inukeni basi, tuingie kwa furaha, na nguo zetu zikichuruzika maji. Hakuna aliyetuambia tukauke kwanza.